Ndege Imeruka, Ndege Ameruka: Tafakuri juu ya Ndege Kongwe za Majini na Haki ya Kuzirusha

1.0 Utangulizi

Kila mwalimu aliyepata kufundisha upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili amelitumia neno ndege. Umbo lake ni moja katika umoja na wingi, lakini sentensi huligawa mara mbili. Tukisema "ndege ameruka", msikilizaji huona manyoya; tukisema "ndege imeruka", huona chuma. Kiambishi kimoja tu ndicho kinachotenga kiumbe na chombo. Wazee walikuwa pia na maana ya tatu, yaani ndege kwa maana ya fali, ishara ya jambo lijalo: kulikuwa na ndege njema na ndege mbaya, na msafiri mwenye busara hakuondoka kwake kabla ya kuitazama.

Insha hii haikusudii kuongeza neno katika mjadala wa ngeli. Inahusu furaha ambayo wenzangu idarani wameiona kuwa ya ajabu kwa mtu wa fani yangu, nayo ni furaha ya kutazama ndege kongwe, hususan zile za majini, zilizokarabatiwa zikaweza kuruka tena. Nimeulizwa mara nyingi mwanaisimu anatafuta nini katika mashine za miaka ya 1930. Hapa nitajaribu kulijibu swali hilo. Hata hivyo, ndani yake mna swali zito zaidi, ambalo halitukabili wapenzi wa ndege peke yetu, bali linamkabili kila aliyekabidhiwa kitu cha kale: je, kitu hicho kihifadhiwe kwa kutumiwa au kwa kutotumiwa? Anayekirusha anahatarisha kukivunja; anayekifungia anahatarisha kusahau kilikuwa kikifanya nini. Nitadai kwamba katika ndege, kama katika lugha, yako maarifa yasiyohifadhika isipokuwa katika kitendo chenyewe. Na kwamba dai hilo lina mpaka, ambao nitajaribu kuuchora.

2.0 Chombo chenye Asili Mbili

Ni vema kwanza tueleze tunazungumzia nini. Ndege za majini ni za namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni ndege ya kawaida iliyoondolewa magurudumu ikasimikwa juu ya vielea viwili. Namna ya pili ni ndege ambayo kiwiliwili chake chenyewe ndicho mashua: ina omo, ina mkuku, ina ngama inayoweza kuingia maji na kuhitaji kukumbwa. Aghalabu mashua hii hupewa pia vielea vidogo chini ya mabawa, visije vikazama ncha zake inapoyumba. Mtu wa pwani haelezwi sababu yake mara mbili, kwani amekwisha kuiona ngalawa na mirengu yake. Ziko pia ndege zenye asili ya namna hizi na kuongezewa magurudumu yanayokunjwa, zikaweza kutua majini na nchi kavu.

Chini ya mashua ya ndege pamekatwa kidato, mfano wa ngazi moja, karibu na kati ya urefu wake. Kidato hiki ni kitu kidogo, lakini pasipo nacho ndege hizi zingekuwa mashua za mwendo mkali na basi. Maji yana tabia ya kung'ang'ania umbo lililopinda kama tumbo la samaki. Kadiri chombo kinavyokimbia, ndivyo yanavyokivuta chini. Kidato huyakata maji na kuingiza hewa, mashua ikapanda na kuteleza juu ya uso wa bahari badala ya kuupasua. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kuruka.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kongamano la kitaaluma kaskazini mwa Italia, na siku ya mapumziko nikashuka mji wa Como, ambako iko klabu ya marubani wa ndege za majini iliyoanzishwa mwaka 1930. Banda lao liko ukingoni mwa ziwa, na ndege husukumwa kutoka ndani hadi kwenye mteremko unaoingia majini, kama wavuvi wanavyoshusha vyombo. Miongoni mwa ndege zao za kisasa mna Caproni Ca.100 ya miaka ya 1930, ndege ndogo ya mabawa mawili yaliyopandana, iliyokarabatiwa. Muundo wake una jambo moja linalomshangaza mtazamaji: bawa la chini ni refu kuliko la juu, kinyume cha ndege nyingi za namna yake.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia tuli, nami nikadhani ni hali njema ya kuruka. Fundi mmoja akanieleza kwamba maji ya namna hiyo hayapendwi. Wakati wa kuruka, uso usio na viwimbi huishika ndege kwa nguvu zaidi. Wakati wa kutua, maji yaliyo kama kioo hayamwonyeshi rubani yako umbali gani chini yake. Anaweza kudhani angali juu ilhali amekwisha kufika, au kudhani amefika ilhali bado yu juu. Nilifurahi kuyasikia hayo kwa sababu ya neno letu shwari. Kwa mkaa pwani wa leo shwari ni sifa. Tunasema mambo ni shwari tukimaanisha mema. Kwa nahodha wa jahazi shwari ilikuwa adha, maana tanga halikupata upepo na chombo kikalala baharini. Kumbe rubani wa ndege ya majini yuko upande wa nahodha, ijapokuwa sababu zao ni mbalimbali. Baadaye upepo mwepesi ulishuka kutoka milimani, ziwa likafanya viwimbi, na ile Caproni ikaondoka. Sauti ya injini yake ilikuwa nyembamba, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu hata mtu aliweza kuufuata kwa jicho mkunjo baada ya mkunjo. Iliporudi, vielea viligusa maji kwa mstari mweupe ulionyooka, kisha ndege ikazama kidogo, ikawa mashua tena.

Hilo ndilo linalonipendeza kwanza: kuona mpaka baina ya vyombo viwili ukivukwa waziwazi. Ndege ya kisasa hutuficha kazi yake. Ya kale hufanya kila jambo mbele yetu.

3.0 Ndege hizi katika Maji yetu

Pengine msomaji atauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki. Jibu ni kwamba yametuhusu mapema kuliko wengi tunavyokumbuka. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua huduma kutoka London hadi Mwanza, na sehemu ya safari hiyo kutoka Khartoum kuja Ziwa Victoria ilifanywa kwa ndege-mashua za Short Calcutta, zilizotua pia Kisumu. Mwaka 1937 njia nzima ya kusini ilikabidhiwa ndege-mashua kubwa zaidi, Short S.23, zilizokwenda kutoka Southampton hadi Durban. Vituo vyake katika eneo letu vilikuwa Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ilikuwa ndege ya injini nne na deki mbili, iliyobeba abiria 24 kwa safari za mchana na shehena ya barua, ikienda kwa wastani wa kilomita 265 kwa saa.

Sababu ya kuchagua maji haikuwa mapenzi ya bahari. Viwanja vya ndege vya kustahimili vyombo vizito vilikuwa vichache, ilhali bandari, maziwa na mito vilikuwapo tayari. Vita Kuu ya Pili ilileta viwanja vingi vya lami na ndege za nchi kavu zilizokwenda mbali na juu zaidi, na hivyo ikaondoa sababu hiyo. Kabla ya hapo, hata hivyo, vita vilileta ndege nyingine majini kwetu: Catalina, za muundo wa Kimarekani, ambazo vikosi vya anga vya Uingereza vilizituliza Kipevu, Mombasa, na katika bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya kuwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Baada ya vita shirika la BOAC liliendesha ndege-mashua za Solent kwenda kusini mwa Afrika, zikitua Port Bell na baadaye Ziwa Naivasha. Huduma hiyo ilikoma Novemba 1950.

Kisa kimoja cha njia hiyo kinastahili kukumbukwa. Machi 1939 ndege-mashua iitwayo Corsair ilipotea njia baada ya kuondoka Port Bell kuelekea kaskazini, ikalazimika kutua katika mto Dungu karibu na Faradje, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Jiwe likatoboa mashua yake. Ilikarabatiwa hapo hapo, lakini mto ulikuwa mwembamba na maji machache kwa chombo cha ukubwa ule, na jaribio la kwanza la kuruka likaishia katika kuharibika tena. Hatimaye lilijengwa bwawa la kuinua maji, na tarehe 6 Januari 1940 ndege ikaondoka. Waliobeba mawe na udongo wa bwawa hilo walikuwa wenyeji wa Kongo.

Leo hakuna hata moja ya ndege-mashua zile za 1937 iliyosalia nzima. Nyingine zilivunjika katika ajali, nyingine zikapotea vitani, na zilizobaki zikakatwa vyuma. Mtu anayetaka kujua kitu kilichotua Lindi kila juma kilikuwaje hana budi kutazama picha na filamu, au kwenda kwa ndugu zake chombo hicho waliosalia. Ndivyo nilivyofika Duxford.

4.0 Maarifa ya Mkono

Duxford ni uwanja wa ndege wa zamani wa kijeshi, karibu na Cambridge nchini Uingereza, ambao sasa ni sehemu ya jumba la makumbusho ya vita. Nilikwenda huko katika kiangazi kimoja nikiwa katika ziara ya utafiti, na nikawakuta jamaa wawili wa historia niliyoieleza.

Wa kwanza ni de Havilland Dragon Rapide, ndege ya nchi kavu ya mwaka 1934, ya mabawa mawili, injini mbili na nafasi ya abiria wanane. Kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi ilizitumia ndege za namna hii katika miaka ya 1930, na East African Airways ilipoanza kazi mwaka 1946 ilianza na Rapide sita. Zaidi ya 700 ziliundwa. Kiwiliwili chake ni mbao na plaiwudi, na mabawa yake ni fremu za mbao zilizovikwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza. Nililipa nauli nikapanda. Sakafu ya ndege ile ina mteremko, kwa kuwa mkia hukaa chini; mtu hupanda kwenda mbele kama anayekwea ngazi ya gorofa. Kila abiria ana dirisha. Ndege ilipopaa niliona kitambaa cha bawa kikitetema kidogo kwa hewa, na nyaya baina ya mabawa zikalia kwa sauti moja isiyokatika. Tulikwenda chini kiasi cha kuona kivuli chetu kikiruka ua wa shamba hadi ua wa shamba. Niliifikiria safari ya Nairobi hadi Dar es Salaam ndani ya chombo hiki: mtetemo wake, harufu ya petroli na ngozi ya viti, na nchi nzima ikipita chini polepole, ikisomeka. Nilikuwa nimesoma habari za Rapide kwa miaka mingi, lakini hapana kitabu kilichoniambia kwamba ndani yake watu huzungumza kwa kupaza sauti na kwa sentensi fupi fupi.

Wa pili ni Catalina. Mabawa yake yana urefu wa kiasi cha mita 32 kutoka ncha hadi ncha, yameinuliwa juu ya kiwiliwili kwa nguzo moja nene, na vielea vya pembeni hukunjwa kwenda juu vikawa ndizo ncha za mabawa. Niliitazama ikiwashwa. Kabla ya kuwashwa, mafundi walizungusha rafadha kwa mikono, panga baada ya panga. Injini za namna hii zina silinda zilizopangwa kwa duara. Zikikaa bila kufanya kazi, mafuta hushuka na kujikusanya katika silinda za chini, na mtu akiwasha bila kuyaondoa anaweza kuivunja injini kwa mara moja. Wale mafundi hawakuzungusha tu. Walikuwa wakisikiliza kwa viganja vyao, wakipima ukinzani wa kila mzunguko. Kisha injini ya kwanza ikakohoa, moshi wa samawati ukatoka, silinda zikaingia kazini moja moja hadi zote kumi na nne zikasemezana. Ndege ikaondoka bila haraka, ikapita mbele yetu kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 200 kwa saa, tumbo lake la mashua likionekana lote, na kile kidato nilichokuwa nimekisoma vitabuni kikawa wazi kama ufito.

Katika mikono ile juu ya rafadha mlikuwa na elimu ambayo mwongozo wa matengenezo hauwezi kuimaliza. Mwongozo husema panga zizungushwe. Hausemi ukinzani wa hatari una uzito gani kiganjani. Jambo hilo fundi mzee humwonyesha kijana, naye kijana hulipata kwa kurudia. Wanaisimu tunalijua vizuri jambo la namna hii. Kamusi hutuhifadhia neno na maana yake, sarufi hutuhifadhia kanuni. Lakini kiimbo, mahali pa kunyamaza, na ujuzi wa kujua neno gani halisemwi mbele ya mkwe, havihifadhiki isipokuwa vinywani mwa wasemaji. Lugha ambayo msemaji wake wa mwisho amefariki yaweza kuwa na sarufi nzuri katika rafu ya maktaba. Hatusemi kwamba iko hai. Ndege iliyoning'inizwa darini kwa nyaya, imepakwa rangi na kufutwa vumbi, ni sarufi ya namna hiyo: ina manufaa makubwa, lakini haisemi.

5.0 Je, ni Ndege ile ile?

Kwa upande mwingine, wako wanaosema kwamba ndege iliyokarabatiwa ikaruka si ya kale tena. Hoja yao si nyepesi. Catalina niliyoiona iliundwa Kanada mwaka 1943 na kulitumikia jeshi la anga la nchi hiyo. Rangi na jina ilivyopakwa ni vya Catalina nyingine, ya jeshi la Marekani, iliyofanya kazi ya kuokoa marubani katika Bahari ya Kaskazini na kupotea mwaka 1945. Oktoba 2020 injini yake moja ilikataa kuwaka ikiwa katika Loch Ness, Scotland. Ikabidi iopolewe na kupewa injini nyingine ndipo iruke. Rapide nayo hubadilishwa kitambaa kila kinapochoka. Iko pia Dornier Do 24, ndege-mashua ya Kijerumani ya injini tatu, iliyovishwa mabawa mapya na injini za tabo mwaka 1983, ikarudi kuruka tena mwaka 2004. Katika ndege za namna hii tunapaswa kuuliza ni asilimia ngapi ya chombo iliyo ya asili, na ikiwa jina linalosomeka ubavuni ni lake.

Mapokeo yetu wenyewe yana msaada katika swali hili. Tenzi nyingi tulizonazo hazikutufikia katika karatasi ya mtunzi. Zimetufikia kwa mikono ya wanakili, mmoja wao akiwa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, na wino na karatasi vimebadilika kila kizazi. Mhakiki hauiti utenzi huo wa bandia kwa sababu karatasi ni mpya. Huuliza kama unakilishaji umefuata kanuni, na kama mabadiliko yanaweza kutambuliwa. Nadhani kipimo hicho chafaa hapa. Karakana inayoandika kila ribiti iliyobadilishwa, na inayotumia mbinu ile ile ya kuunganisha mbao au mabati, inanakili. Karakana inayofunika tofauti kwa rangi inaghushi. Jina la ndege nyingine ubavuni ni heshima kwa wafu, ilimradi mtazamaji aambiwe.

Mfano wa karibu zaidi na vyombo ni mtepe. Chombo hicho cha pwani yetu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mfano wake uliundwa upya Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Huko Oman chombo kingine cha kushonwa, Jewel of Muscat, kiliundwa kwa kufuata mabaki ya meli ya karne ya 9, kikasafiri kwa tanga kutoka Muscat hadi Singapore mwaka 2010 kabla ya kuwekwa katika makumbusho. Vyote viwili vimewafunza mafundi kushona. Lakini ni cha pili tu kilichowafunza mabaharia jinsi mshono unavyojibu wimbi.

6.0 Chovya Chovya

Nimekuwa nikitetea kurusha. Sasa ni haki kutaja gharama yake. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Chuma nacho ni buyu. Kila mara ndege inapopaa, bawa hupinda kiasi kidogo kwenda juu, na inapotua hurudi. Mkunjo mmoja hauna neno; makumi ya maelfu ya mikunjo huzaa ufa mwembamba usioonekana kwa jicho. Wahandisi huuita uchovu wa metali. Kwa ndege za majini adui huyu ana mwenziwe, nayo ni chumvi, inayokula kiungo kutoka ndani mahali ambapo rangi ingali inang'aa.

Tarehe 19 Desemba 2005 ndege ya Grumman Mallard, iliyoundwa mwaka 1947 na iliyokuwa ingali katika huduma ya abiria, ilivunjika bawa la kulia muda mfupi baada ya kuruka majini huko Miami. Watu wote 20 waliokuwamo walifariki. Uchunguzi ulikuta nyufa za uchovu katika bawa. Tarehe 4 Agosti 2018 ndege ya Junkers Ju 52 ya mwaka 1939, iliyokuwa ikiwachukua wapenzi wa ndege kongwe kutazama milima ya Uswisi, ilianguka na kuua watu 20. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kilikuwa namna ya urushaji iliyojaa hatari. Lakini walipochunguza mabaki walikuta pia kutu na kasoro ambazo hazikuwa zimegunduliwa. Oktoba 2019 ndege ya Boeing B-17 ilianguka Connecticut, Marekani, ikaua watu saba. Katika kila ajali ya namna hii hupotea vitu viwili: watu, ambao hawana mbadala, na chombo, ambacho hakiundwi tena.

Mimi mwenyewe nilikaa ndani ya Rapide baada ya ajali ya Uswisi kutokea, nami nilikuwa nikijua habari zake. Sitadai kwamba furaha yangu ilikuwa nyeupe kabisa. Niliitazama kila nguzo ya bawa kwa jicho la mtu aliyesoma ripoti. Lakini sikuona, na sioni hadi sasa, kwamba ajali hizi zinapinga urushaji kwa jumla. Zinachopinga ni kudhani kwamba mapenzi yanatosha. Ajali ya Uswisi haikusababishwa na umri wa chombo, bali na mazoea ya watu waliokirusha. Na nyufa za Miami zilikuwapo kabla ya siku ile, zikingoja mkaguzi.

7.0 Hitimisho

Msimamo wangu basi ni huu. Chombo kilicho peke yake duniani kisirushwe. Kikipotea hakuna kitakachotuonyesha kilivyokuwa, na hapana furaha ya alasiri moja inayolingana na hasara hiyo. Kama leo ingepatikana moja ya ndege-mashua za Short zilizotua Lindi, ningekuwa wa kwanza kuomba iwekwe chini ya paa na isiguswe maji. Lakini pale ambapo ndugu za chombo wangaliko, kama ilivyo kwa Catalina na Rapide, baadhi na wapumzike na baadhi waruke, kwa ukaguzi usio na huruma na kwa daftari iliyo wazi, ili elimu ya mikono isife kabla ya vyuma. Anayetaka kuhifadhi maneno pekee atosheke na kamusi. Anayetaka kuhifadhi usemaji hana budi kuwaacha watu waseme, hata kama katika kusema lugha hubadilika.

Liko pia deni linaloihusu idara kama yetu moja kwa moja. Ndege-mashua hazikutua zenyewe. Bandarini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi ilihitajiwa kazi ya kushika kamba, kufunga chombo kwenye boya, kuwavusha abiria kwa mashua na kupakia mifuko ya barua, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi. Kazi haifanywi bila maneno. Mabaharia wa pwani na wa ziwa walikuwa na msamiati mpana wa vyombo kabla ndege hizi hazijafika, na ndege yenye omo, mkuku na ngama iliingia moja kwa moja katika msamiati huo. Hapo ndipo mtafiti angeweza kuona lugha ikipokea chombo kipya mchana kweupe, ikikata shauri kipi kiitwe kwa jina la mashua na kipi kwa jina la ndege. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1950 sasa yu zaidi ya miaka tisini. Watoto wake wangaliko, na baadhi yao walisikia masimulizi nyumbani.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wakumbuke kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Duxford wamehifadhi injini, ribiti na kitambaa, na wameyafanya hayo kwa uaminifu unaostahili kuigwa. Maneno ya waliozipokea ndege hizi katika maji yetu hakuna atakayetuhifadhia. Kinasa sauti na nauli ya basi hadi Lindi vinatosha kuanza.